Mwokaji wa Misa ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na jembe begani. Nilikuwa natoka shambani kwetu Magamba, nikasikia njiani kwamba masista wa parokia wanatafuta binti wa kuoka mikate, nikaona nikirudi nyumbani kwanza kubadili nguo nitakuta nafasi imechukuliwa. Sista Mkuu wa Tanuri, mama mfupi kutoka Ufipa mwenye mikono mipana, alinitazama kuanzia miguu yenye udongo hadi kwenye jembe.

"Hilo liache nje," akasema. "Rozari unaijua?"

"Naijua, Sista."

"Yote, au unaruka?"

"Nikiwa nimechoka naruka."

Akacheka. "Angalau husemi uongo. Nawa mikono hadi kwenye viwiko, uje."

Nyie mnaoanza biashara siku hizi mna simu inayowaamsha na kuwakumbusha kila kitu. Kwenye tanuri la masista tulikuwa na saa moja ya ukutani, nayo ilikuwa imekunywa vumbi la unga mpaka ikasimama, na hakuna aliyehangaika kuipeleka kwa fundi. Muda wetu ulipimwa kwa sala. Tulikanda donge kwa rozari nzima ya matendo ya siku hiyo. Donge ndilo tunaloita unga wa ngano uliochanganywa na maji, chumvi, sukari na hamira, kabla haujawa mkate. Unalikanda mpaka linaacha kunata mikononi, na ukilivuta linavutika bila kukatika. Tukishamaliza tunalifunika kwa kitambaa kibichi, tunavua aproni, tunakwenda Misa ya kwanza. Tukirudi linakuwa limeumuka, yaani limevimba mara mbili ya lilivyokuwa. Hapo unalipiga ngumi kutoa hewa, unalikata, unaviringa vipande, unavipanga kwenye trei viumuke tena wakati sisi tunakunywa chai.

Tanuri lenyewe lilikuwa la matofali ya kuchoma, mgongo wake umeviringwa. Kuni ziliwashwa ndani humo humo. Zikishakuwa makaa tuliyakokota nje kwa koleo la mpini mrefu, tukafuta sakafu ya tanuri kwa gunia lililoloweshwa, ndipo mikate ikaingia kuiva kwa joto lililobaki kwenye matofali. Kujua joto limefaa au la, Sista alitupa konzi ya unga ndani, akaanza Salamu Maria. Unga ukiungua kabla hajafika Amina, tunasubiri. Ukibaki mweupe, tumechelewa kuingiza, au makaa yametolewa mapema. Ukiwa na rangi ya ngozi ya karanga, anasema, "Ingiza, ingiza, ingiza!" na wote tunakimbia.

Wiki ya pili nilijifanya mtakatifu. Nilimwambia, "Sista, kumbe hii mikate ni mizuri kwa sababu ya sala."

Akaacha kukanda. "Nani kakuambia? Mkate utaiva hata ukiimba nyimbo za redioni. Mkate ni mzuri kwa sababu unga ni mzuri na wewe hukufanya uvivu. Tunasali kwa sababu siku ni ya Mungu, na sisi tumepewa tuitumie. Sasa geuza hilo donge, linakauka upande mmoja."

Nilikaa naye miaka mingi. Pale nilijifunza kazi, pale nilifunga ndoa na mkulima mmoja mwimba besi wa kwaya, pale nilibeba wanangu mgongoni nikiviringa mikate. Kisha Sista akapata uhamisho. Watawa hawaulizwi, wanaambiwa tu, na wiki hiyo hiyo wanapanda gari. Aliniachia aproni yake, akanishika mashavu kwa mikono yenye unga, akapanda. Sista aliyekuja baada yake alikuwa mwalimu, akataka chumba kile kiwe cha watoto wa chekechea. Tanuri likapoa.

Ndipo nilipokwenda mjini Mpanda kwa Bwana Mkurugenzi.

Bwana Mkurugenzi alikuwa Msukuma ambaye wazazi wake walishuka huku na ng'ombe. Yeye aliuza sehemu ya ng'ombe wake akafungua kiwanda cha mikate: oveni za umeme, mashine ya kukandia, chumba cha kuumulia chenye mvuke, gari la kusambazia. Cheo cha Mkurugenzi alijipa mwenyewe, akakiandika mlangoni. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kusaidia. Mtoto wa mfanyakazi akiugua, gari la mikate linageuka la wagonjwa bila mjadala. Mimi aliniita mayu, yaani mama kwa lugha yao, ingawa alinizidi umri.

Aliponipa ratiba ya zamu nikaona jina langu Jumapili asubuhi.

"Bosi, Jumapili Misa ya kwanza siikosi."

"Watu wa Mpanda Jumapili hawali?"

"Wanakula. Wacha nianzishe donge kabla sijaenda. Likiwa linaumuka mimi nipo kanisani, nikirudi nalikata. Duka la kwanza likifungua, mkate upo."

"Na likiumuka likapita kiasi, likamwagika?"

"Utanifukuza Jumatatu."

"Nitakufukuza Jumapili hiyo hiyo," akasema, lakini akachukua kalamu akanibadilishia zamu.

Donge halikumwagika. Na polepole kiwanda chote kikaanza kupanga siku kwa saa za sala. Saa sita kengele ya parokia ikipigwa tulisimamisha mashine, walio Wakatoliki tukasali Malaika wa Bwana, wengine wakapumzisha migongo, kisha wote tukafuta oveni kwa pamoja. Ijumaa, dereva wetu Zuberi alikwenda msikitini na sisi tulimpangia mikate kwenye kreti ili akirudi aondoke tu. Kwaresima tulijua watu wa kanisani wanafunga, tunapunguza keki. Mwezi wa Ramadhani tulioka mchana ili mkate uwe wa moto watu wanapofuturu. Mkurugenzi alilalamika kwamba kiwanda chake kimegeuzwa nyumba ya ibada, lakini aliona mwenyewe kwamba watu wanaojua saa zao za kupumzika hawatoroki kazini.

Yeye mwenyewe kanisani haendi. Alibatizwa, alifunga ndoa kanisani, lakini tangu nimjue sikumwona hata Pasaka. Sikuuliza.

Kisha ukaja mwaka ambao unga wa ngano ulipanda bei, ukapanda tena. Asubuhi moja Mkurugenzi aliniita kwenye mizani. Ni lazima mjue jambo moja la kazi yetu: mkate ukiiva hupoteza uzito, maji yanatoka kama mvuke. Kwa hiyo donge bichi tunalipima lizidi kidogo uzito ulioandikwa kwenye mfuko, ili likitoka kwenye oveni lifike palipoandikwa. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mizani.

"Mayu," akasema kwa sauti ya chini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Toa kidogo kwenye donge. Hamira uongeze, mkate utavimba vilevile. Mtu ananunua kwa macho."

"Mfuko unasema uzito mwingine, bosi."

"Nani anapima mkate?"

"Basi tuandike mifuko mipya. Au tupandishe bei, tuwaambie watu unga umepanda."

"Nikipandisha wanahamia kwa mwingine. Unataka nifunge?"

"Sitaki ufunge. Lakini mimi nimetoka Komunyo asubuhi hii hii. Siwezi kutoka kule nikaja kumkatia mtu mkate wake."

Akaudhika. "Usiniletee kanisa kazini!"

"Silileti, bosi. Nimekuja nalo."

Wenzangu waliacha kuviringa. Hata mashine ya kukandia kuna mtu aliizima. Uso ulimwiva Mkurugenzi, nikajua kazi imekwisha. Nilianza kufungua aproni huku nikiwaza ada za watoto.

"Usivue," akasema. "Sikufukuzi. Unapenda sala, si ndiyo? Katumba kuna makanisa tele na hakuna mtu wa kuuza mkate wangu. Kesho Zuberi atakupeleka."

Nilikwenda nyumbani nikalia. Mume wangu alikuwa ananoa panga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema udongo wa Katumba nao ni udongo, akaanza kufunga mizigo. Hilo ndilo lililonituliza, kwamba hakuniuliza kwa nini sikukubali tu kama wengine.

Katumba ni makazi ya watu waliokimbia Burundi zamani, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakazaa, na wazazi wao wakazeekea pale. Nilipewa kibanda cha kuuzia pembeni ya barabara. Jirani yangu alikuwa Mama Konsolata, mjane wa pale pale, mrefu, mwenye kicheko cha ghafla. Siku ya kwanza alinisalimu, "Amahoro, mama," ndiyo salamu yao ya amani, akaushika mkate niliomuuzia, akaupimapima mkononi.

"Huu umejaa upepo," akasema.

Mikate iliyokuja na gari ilikuwa imepunguzwa, na kwa matuta ya barabara nusu yake ilifika imebondeka. Niliuza wiki chache, kila mkate nikiona aibu. Mwishowe nikamwambia Zuberi, "Mwambie bosi asilete mikate. Alete unga. Nitaoka hapa."

"Utaoka na nini, dada?"

"Matofali yapo."

Mkurugenzi alikubali, nadhani kwa sababu mikate iliyobondeka ilikuwa inamuumiza kichwa. Mimi, mume wangu na Mama Konsolata tukajenga tanuri kama lile la masista. La kwanza lilipasuka mgongoni tulipowasha moto haraka kabla udongo haujakauka. La pili tulilikausha taratibu kwa moto mdogo mdogo, likashika. Nikapima donge lizidi kidogo uzito wa mfuko kama zamani, nikamfundisha Mama Konsolata kukanda. Yeye rozari alisali Kirundi, mimi Kiswahili, na tulimaliza pamoja.

Padre alikuwa anazunguka vigango, yaani makanisa madogo ya parokia, kwa hiyo Misa hatukuipata kila siku. Nikapanga siku upya. Alfajiri akina mama wakienda mashambani walipita kibandani kuchukua mkate, tukasali sala fupi ya asubuhi hapo hapo wamesimama na majembe, wakaondoka. Saa sita katekista aligonga rimu la gari lililoning'inizwa pale kanisani, nami nikasimama kusali na koleo langu mkononi. Jioni ya sala ya jumuiya, inayozunguka nyumba kwa nyumba, nilifunga mapema, na mtu akija kununua anajua anikute nyumba gani. Wateja wakaongezeka. Watu waliozoea mihogo asubuhi wakaanza kutuma watoto kuja kuulizia mkate umetoka au bado.

Ilikuwa Jumapili, padre yupo, kanisa limejaa mpaka nje, ngoma zinalia. Tulipofika mahali pa kutakiana amani niligeuka kumpa mkono mama wa nyuma yangu, nikamwona Bwana Mkurugenzi. Alikuwa amesimama karibu na mlango, suruali imejaa vumbi la barabara. Alikuja kunitafuta, akakuta tanuri limefungwa, wakamwelekeza kanisani, na nadhani alikusudia kuniita tu nitoke. Lakini wazee wa Katumba walikuwa wamemfikia. Mmoja baada ya mwingine walimshika mkono kwa mikono yao miwili, "Amani, ndugu. Amani, ndugu." Yule mtu wa sauti kubwa alikuwa anapokea mikono ile bila sauti, hajui atazame wapi. Hakutoka. Alikaa mpaka matangazo ya mwisho, na matangazo ya Katumba hayana haraka.

Nilimkuta nje, karibu na gari, Zuberi akiwa kwenye usukani.

"Misa yenu ndefu, mayu."

"Leo fupi, bosi. Hakukuwa na ubatizo."

Hakucheka. Tulitembea hadi kibandani, nikamtolea kigoda na mkate wa Jumamosi. Akaumega, akautafuna polepole.

"Mke wangu alikuwa anaimba kwaya," akasema. "Nilimzika kutoka kanisani, nikarudi nyumbani, nikasema kule sirudi. Nilikuwa nimekasirika. Hata sijui nilimkasirikia nani."

"Pole, bosi. Sikujua."

"Sikumwambia mtu." Akaendelea kula. "Nimekuja kukuchukua. Shule ya bweni imeacha kununua. Matroni alipima mkate mbele yangu. Wenye maduka nao wananirudishia kreti."

"Na donge?"

"Litarudi kwenye kipimo chake."

"Na bei?"

"Itapanda. Watanitukana."

"Watakutukana, ndiyo. Lakini watajua wananunua nini."

Akapangusa makombo magotini. "Utarudi?"

Nilimwangalia Mama Konsolata aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anafagia. Nikasema nitarudi, kwa mambo mawili. Tanuri la Katumba libaki, liwe mikononi mwa Mama Konsolata. Na Jumapili kiwanda kizima kisianze kukata donge mpaka watu watoke Misa ya kwanza, si mimi peke yangu.

Mkurugenzi akawaza. Kabla hajajibu, Zuberi akapaza sauti kutoka kwenye gari, "Na Ijumaa, bosi? Maana mimi nakimbizwa swala haijaisha!"

"Ijumaa gari litapaki mpaka umalize!" akajibu kwa sauti yake ile ya zamani. "Kuna mwingine anataka sikukuu? Semeni wote leo!"

Hapo ndipo tulipocheka.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Bei ilipopanda, maduka mengine yalituacha, na hayakurudi. Kwa miezi kadhaa tulifanya zamu fupi, watu wanagawana kazi, na kuna jioni niliona wenzangu wakinitazama kwa jicho la kuniuliza kama uzito wa mkate ulistahili taabu ile. Nilijiuliza hata mimi. Kisha matroni wa shule ya bweni akaja na mizani yake ndogo ya jikoni, akapima mikate kwenye trei, akaagiza upya. Baada yake wakaja wenye maduka wa Nsimbo, hadi wa Litapunga. Kiwanda hakikuanguka. Hakikuwa kikubwa kuliko vingine, lakini kilisimama imara, na hakuna mtu aliyeachishwa.

Mkurugenzi akaanza kuja Misa. Mwanzoni alifika mahubiri yameanza na kuondoka kabla ya wimbo wa mwisho, kama mtu anayekwepa kumwona mdai. Baadaye akakaa mpaka mwisho. Siku alipokwenda kitubio kuungama, Baba Paroko alitoka kwenye kiti chake akiwa amechoka, nasi tuliokuwa kwenye foleni tulikuwa tumesali rozari mbili. Hakuna aliyelalamika.

Nimestaafu sasa. Magoti hayataki tena kusimama mbele ya oveni, na kiwanda kinaendeshwa na binti wa Mkurugenzi pamoja na mwanangu wa pili. Vijana wa mjini wananijia, wenye saluni, wenye maduka ya pembejeo, wananiuliza nilipataje muda wa Mungu katika biashara. Nawaambia wasitafute muda uliobaki, kwa sababu haubaki. Wachukue kalamu kabla ya siku kuanza, waweke kwanza Misa yao, sala yao ya mchana, siku yao ya kupumzika na jumuiya yao, ndipo wapange wateja. Watashangaa wateja wanavyozoea. Na wasidhani kusali ndiyo kazi imekwisha. Ukitoka kanisani ukampunja mtu, ni afadhali ungelala. Wengine wanaandika ninachosema kwenye simu, wengine wanacheka, wananiambia, "Bibi, soko la siku hizi gumu." Nawajibu kwamba halijawahi kuwa laini. Wakiondoka nawafungia mkate.

Misa ya kwanza bado ni yangu. Mume wangu anatangulia kwa sababu ya mazoezi ya kwaya, nami najikokota nyuma na fimbo, na mara nyingi nafika wimbo wa mwanzo umeshaanza na mabenchi yamejaa. Sihangaiki. Kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, Bwana Mkurugenzi amekaa karibu na ukingo, na mahali pa pembeni yake ameweka kofia yake. Akiniona anaichukua, anaiweka mapajani, anasogea.

"Umechelewa, mayu," ananong'ona, na sauti yake inafika hadi altareni.